Mtani Aliyefukuzwa Msibani

Rissne, Stockholm

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Nianze kwa kukutoa wasiwasi, maana najua umeifungua barua hii ukiwa umesimama. Kaa. Sisi huku ni wazima wote wawili, na jambo lile limekwisha, limekwisha vizuri. Mengine yote nitakayoandika ni kukueleza lilivyokwisha, lakini mwisho wake ndio huo, kwa hiyo usisome huku moyo unakudunda.

Mguu wako unaendeleaje? Umeacha kuinama shambani kama daktari alivyokwambia, au unamdanganya kama kawaida yako? Kikohozi cha Mama kimepungua? Na mahindi ya bonde la chini, yameshatoa mbelewele? Huku theluji imeyeyuka. Imebaki kwenye vivuli vya majengo tu, nyeusi kama masizi, na watoto bado wanaipiga teke.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe mwenyewe uliniomba. Ulisema shemeji mkubwa anataka maelezo ya maandishi ayasome mbele ya ukoo, kwa kuwa ile video imezunguka Songea nzima na kila mtu ana hadithi yake. Barua anakuja nayo sista mmoja anayerudi Peramiho. Mpe chai, amebeba na dawa za Mama.

Video yenyewe ni ya nusu dakika. Inamwonyesha mwanangu Imelda akimvua Mzee Kikoti koti la marehemu mume wangu na kumpigia kelele kwa Kiswidi mbele ya jeneza. Haionyeshi kilichotangulia wala kilichofuata. Mtu akiiona hivyo atasema nimelea mnyama.

Mzee Kikoti umemsikia kwa jina tu. Ni Mhehe wa Kilolo, alifika huku kabla yetu, anakaa Märsta karibu na uwanja wa ndege. Yeye na Baba Imelda walikuwa wakisafisha ndege pamoja. Siku ya kwanza kazini Baba Imelda alipomwambia kwamba kwao ni Songea, yule mzee aliweka ndoo chini akasema, "Kumbe uko huku. Mtumwa wangu aliyepotea." Baba Imelda akamjibu, "Nilisikia kwamba kilichokupotea ni mbwa. Kumbe ulishamla." Urafiki wao ulianzia hapo, ukaenda miaka kumi na tisa. Imelda alipozaliwa, yeye ndiye alinipikia uji hospitalini akauleta kwenye chupa ya chai, na akaniambia hakuna Mngoni aliyewahi kujua kukoroga uji.

Sasa msiba. Huku, dada, mtu hazikwi kesho yake. Tulikaa wiki tatu na zaidi tukingoja zamu yetu, na siku ilipofika tulipewa kanisa dogo la makaburini kwa muda wa saa moja, na mama mmoja mhudumu akisimama mlangoni na saa yake. Mzee Kikoti alifanya kila kitu ambacho mtani hufanya. Alipika, aliosha masufuria, aliwakaripia waombolezaji kwamba wanalia kwa sauti mbaya. Asubuhi ya maziko alikuja kwangu akaomba koti la kahawia la Baba Imelda, nami nikalitoa kabatini kwa mikono yangu.

Aliingia kanisani amelivaa. Akatembea mwendo wa Baba Imelda, ule wa kuegemea kushoto, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba lisilo lake. Watu wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Hata mimi nilicheka, dada. Ilikuwa mara ya kwanza tangu simu ile ya hospitali.

Kisha akafika kwenye jeneza akaligonga kwa kidole.

"Amka," akasema. "Ulinitoroka ukakimbilia Ulaya, ukadhani sitakufuata. Nimekufuata. Babu yangu alimteka babu yako, kwa hiyo wewe ni mtumwa wangu, na mali yangu haizikwi bila ruhusa yangu. Hawa nani kawapa kibali?"

Wenzetu wote walicheka. Waswidi wa kazini kwake waliinamisha macho kwa heshima, hawakuelewa kitu. Imelda alielewa kila neno.

Akasimama akasema kwa Kiswidi, taratibu kabisa, "Baba yangu si mali ya mtu. Vua hilo koti."

Mzee Kikoti akadhani mtoto ameingia kwenye mchezo, maana ndivyo mtoto wa kwetu angefanya. Akamgeukia akacheka, "Na wewe pia ni wangu. Nimekurithi."

Hapo ndipo video inapoanzia. Imelda alimvuta koti, mshono wa begani ukaachia, akamwambia atoke nje. Mhudumu akaangalia saa yake. Na Mzee Kikoti akaniangalia mimi. Hicho ndicho ambacho video haikukionyesha, nami nataka shemeji akisome kwa sauti: aliniangalia mimi, na mimi nikainamisha kichwa. Neno moja tu langu lingetosha. Sikulisema. Yule mzee akatoka na shati peke yake kwenye baridi ya Februari, tukamzika mume wangu bila mtani.

Baada ya hapo unajua mlivyotupigia simu. Shemeji akasema matanga hayawezi kufungwa bila mtani kuyafunga, na mtani aliyefukuzwa harudi kwa kuitwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa aliyemfukuza. Nilimpigia Mzee Kikoti, hakupokea. Nikamwambia Imelda, naye akanijibu kwa Kiswidi chake cha haraka kwamba mtu yule akikanyaga nyumba hii, yeye anahamia kwa rafiki yake Farsta, na tusimngojee siku ya arobaini. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema kama anavyosema anakwenda dukani. Nikabaki katikati. Nikimleta mtani nampoteza mtoto, nikimfuata mtoto Baba Imelda anabaki na msiba usio na mwisho, na siku zinakwenda.

Sasa nikueleze kosa lilikuwa wapi, maana halikuwa kwa mtoto.

Imelda alipokuwa na miaka sita, mwenzake mmoja shuleni alimzuia kupanda bembea. Akamwambia watu kama yeye walikuwa watumwa, iko kwenye kitabu. Alirudi nyumbani akamuuliza baba yake kama ni kweli. Baba Imelda alichukua chungwa akalimenya. Unakumbuka alivyokuwa akimenya, ganda zima likatoka kama utepe bila kukatika, akalitundika kwenye bomba la jikoni. Akampa mtoto chungwa. Hakujibu kitu, dada, hakujua ajibu nini. Lakini Mzee Kikoti alipokuja Jumapili, Baba Imelda alimtoa nje kwenye ngazi akamwambia, "Neno lile lisiingie tena nyumbani kwangu. Kazini sawa, kwako Märsta sawa, kwenye simu sawa. Mlango huu lisiuvuke."

Na Mzee Kikoti, ambaye hajawahi kukubaliana na Mngoni hata juu ya saa, alikubali. Miaka kumi na moja. Nyumbani kwetu walitukanana kuhusu mbwa, kuhusu upara, kuhusu nani alikimbia vitani. Neno lile halikuvuka mlango. Mtoto akakua anajua kwamba Anko Kikoti ni mzee wa masihara, basi. Hakujua utani wenyewe ni nini wala umetoka wapi. Mimi nilijua, nikasahau kwamba yeye hajui. Mzee naye alisahau. Alikuwa amefiwa kama sisi, na kanisani hapakuwa na mlango wa nyumba yetu wa kumkumbusha.

Yangebaki hivyo kama si kazi ya shule.

Kabla ya baba yake kufariki, Imelda alikuwa amechagua somo la historia ambalo atalieleza mbele ya darasa. Mwalimu alimwongezea muda kwa sababu ya msiba, muda nao ukaisha. Jumapili moja baada ya misa akaniambia, "Mama, kaa hapa. Nisikilize, nione kama naeleweka." Mama Furaha alikuwepo, Mkongo wa kwaya yetu, anakaanga mandazi jikoni kwangu. Imelda akatandaza ramani ya Amerika mezani, pembe moja ameikandamiza kwa mfuniko wa sufuria.

Mimi ni mtu wa darasa la saba, lakini alieleza vizuri, Kiswahili na Kiswidi vikipishana. Alisema nchi ile ilianza ndogo, upande mmoja wa pwani, ikawa inapanuka kuelekea magharibi.

"Kila walipopata nchi mpya," akasema, "kwa kununua, kwa vita, kwa kuwafukuza wenyewe, swali lilikuwa lilelile. Wenye watumwa waruhusiwe kwenda nao huko, au wasiruhusiwe?"

"Si wangesema hapana tu?"

"Wengine walisema hapana. Wengine walisema mtu haachi mali yake mpakani. Wakaogopa upande mmoja usiwe na nguvu kuliko mwingine bungeni. Kwa hiyo wakachora mstari." Akauonyesha kwa kidole. "Juu ya mstari hakuna utumwa. Chini ya mstari upo."

"Na ukatosha?"

"Miaka kadhaa. Halafu wakapata nchi nyingine, mstari haukufika huko. Wakasema basi wakazi wenyewe wapige kura. Hapa Kansas watu wakamiminika kutoka pande zote mbili ili wawe wengi, wakaanza kuuana."

"Kwa kura?"

"Kwa kura, mama."

Mama Furaha akatokea na mwiko mkononi kusikiliza. Nikauliza swali ambalo lilinijia tu, la mtu asiyejua. "Na mtumwa mwenyewe akiuvuka mstari kwa miguu yake? Anakuwa huru?"

Imelda akaikunja pembe ya ramani akaikunjua.

"Hapana," akasema. "Kulikuwa na sheria. Bwana wake anaweza kumfuata mpaka huko kwenye nchi huru akamdai, na watu wa huko lazima wamsaidie kumkamata, hata wanaochukia utumwa. Mama, ukurasa huo nilikuwa nauandika wiki ile ambayo baba alikufa. Halafu Anko akaja kanisani akagonga jeneza akasema, ulinitoroka, nimekufuata. Na ninyi wote mkacheka."

Dada, nilikuwa nikifikiri siku zote ni lile neno moja lililomchoma. Haikuwa neno. Ilikuwa sentensi nzima, na sisi tuliocheka ndio tulikuwa wale watu wa nchi huru waliosaidia kukamata.

Nilibaki na mikono mezani. Mama Furaha ndiye aliyesema, kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Ule mtoto hana kosa, mama. Shiye bakubwa njo tulinyamaza. Mwambie." Yaani sisi wakubwa ndio tulionyamaza. Akarudi kwenye mafuta yake.

Nikamwambia. Nilianza na bembea na chungwa na ngazi. Alikuwa amesahau bembea. Kisha nikamwambia ya zamani, kama tulivyosimuliwa. Kwamba babu wa babu zetu walitoka kusini wakiteka nchi na watu, na hawakuwa wema. Kwamba Wahehe nao walikuwa wakipanua ya kwao kuja upande wetu. Kwamba walikutana, wakapigana, wakachukuana mateka, wakapigana tena, na hakuna aliyeweza kummeza mwenzake. Wakachoka. Na walipochoka, wakaweka utaratibu: Mngoni akipita Uhehe aitwe mtumwa, naye ajibu hivyo hivyo, asikasirike mtu, kisha apewe chakula. Na siku ukifiwa, yule ambaye watu wake walikuja kukuteka ndiye atakayekuja kuosha masufuria yako na kukuchekesha.

"Sasa nani alikuwa mtumwa wa nani?" akauliza.

"Wote wawili. Ndiyo maana inachekesha. Angekuwa mmoja tu isingechekesha."

Akafikiri. Unajua anavyokunja uso kama baba yake akisoma barua za serikali. "Na wale ambao hawakuwa Wangoni wala Wahehe? Wale wadogo katikati, waliotekwa na pande zote mbili? Wao wanamtania nani?"

Dada, nilimwambia sijui. Halafu nikamkumbuka Bibi, mama yake mama. Unakumbuka kwenye sherehe, wazee wakianza kutaja majina ya ukoo, wa kwanza na wa pili na wa tatu, Bibi alikuwa akiinuka kimya kimya akasema anakwenda kuangalia kuku? Kila mara. Sisi tulimcheka kwamba anapenda kuku kuliko watu. Mimi nilikuwa mtu mzima niliposikia kwamba mama yake hakuzaliwa Mngoni, aliletwa akiwa mtoto, akapewa jina. Bibi hakuwa na jina la ukoo la kutaja. Nilimwambia Imelda hilo pia. Sijawahi kulisema kwa sauti mbele ya mtu, na nilidhani nitaona aibu, lakini sikuona. Niliona kama nimetua ndoo kichwani. Naomba na wewe usikasirike kwamba nimemwambia.

Kisha Imelda akauliza jambo moja tu. "Baba naye alimwita Anko hivyo?"

Nikampa simu ya baba yake. Walikuwa wakitumiana ujumbe wa sauti na Mzee Kikoti kila siku kabla ya zamu. Akaenda nayo chumbani kwake, mlango akauacha wazi, nasi jikoni tukasikia sauti ya Baba Imelda, kavu kavu vile, "Mateka wangu, amka. Theluji imeanguka, njoo uizoe mlangoni kwangu kama babu yako alivyokuwa akifanya." Na ya Mzee Kikoti, "Nakuja na mnyororo, usitoke." Na tena, na tena. Mandazi yaliungua. Mama Furaha hakujali, alikuwa amekaa chini kwenye kigoda anacheka na kulia.

Imelda alirudi macho mekundu akasema, "Jumamosi twende Märsta."

Tulibadilisha treni mjini. Mzee Kikoti alifungua mlango akiwa na singlendi, kisu cha viazi mkononi. Akatuona, akatusalimu "Kamwene" ya Kihehe kwa sauti ya chini, halafu akasema, "Karibuni wageni." Akanitengea kiti. Akaniita mama. Akauliza chai niwekewe sukari kiasi gani. Miaka kumi na tisa, dada, mtu huyu hajawahi kuniuliza kitu kwa adabu. Nilitaka kulia kwa adabu ile.

Imelda akaanza, "Anko, samahani kwa—"

Mzee akainua mkono wenye kisu. "Usiniombe samahani. Mtani haombwi samahani. Ukiniomba, utakuwa umenifukuza mara ya pili."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi sijui. Mwenye kosa ni mimi. Baba yako alinionyesha mlango, nami nikauvuka mbele ya mwili wake." Akarudi kumenya viazi, akawa anakata nyama yote ya kiazi na kuacha punje.

Imelda alimtazama. Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo, sijui hata nilichokuwa namwomba. Kisha mtoto akasema kwa Kiswahili, kile chake chenye mawimbi ya Kiswidi, "Basi vaa shati. Wahehe wote mnapokea wageni na singlendi, au ni wewe peke yako umekosa malezi?"

Mzee hakugeuka. Nikaona mabega yake yanatikisika, sikujua kama ni kicheko au kilio, nadhani na yeye hakujua. "Mama Imelda," akasema, "unamsikia huyu mateka wa—" Akajiziba mdomo na mkono wa viazi.

"Hapana," Imelda akasema. "Hapa sema. Hapa ni kwako."

"Kwangu ruhusa?"

"Kwako ruhusa. Lakini lazima useme pande zote mbili. Kama mimi ni mateka wako, na wewe ni wangu. Ukisema upande mmoja tu, hiyo sio utani, hiyo ni ile ya kitabuni."

"Nimekubali. Na kwenu Rissne?"

"Rissne hapana. Mpaka niseme."

"Kwenye treni?"

"Kwenye treni hapana kabisa. Watu watasikia, hawatajua."

"Farsta je? Kule kuna Watanzania wengi. Tupige kura."

"Usipige kura, Anko," Imelda akasema. "Nitakusimulia walichofanyana waliopiga kura."

Akamsimulia. Mezani, kwa maganda ya viazi, hili ganda ni kusini, hili kaskazini. Mzee Kikoti aliuliza maswali mengi kuliko mimi. Akauliza mwisho ilikuwaje, Imelda akasema mwisho ilikuwa vita, watu wengi sana walikufa, na utumwa ukafutwa kwa sheria, lakini watu hawakukaa meza moja. "Hawakuchoka vya kutosha," Mzee akasema. Imelda akamjibu kwamba sivyo, kwamba upande mmoja ulikuwa umebeba mwingine muda wote, hawakuchoka sawasawa. Mzee akasema, "Hilo sikulifikiria." Nilijua wamepatana niliposikia yule mzee akikubali hoja ya Mngoni.

Halafu akauliza taratibu, "Na kaburini?"

"Kaburini sema," Imelda akasema. "Baba atakuwa anangoja."

Alieleza darasani kwao wiki iliyofuata. Mimi sikuwepo, nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee, lakini aliniambia kwamba mwishoni aliongeza habari ya Bibi na kuku. Hakukuwa na ramani ya hilo. Mwalimu akamuuliza Bibi alikuwa akiitwa nani. Imelda akamwambia jina. Amefaulu, dada, amefaulu vizuri.

Na matanga tulifunga Jumamosi iliyopita. Kaburini Mzee Kikoti alisema yote, tena kwa sauti, na alisema pande zote mbili kama alivyoahidi. "Nilikuja kukukamata, kumbe ni wewe umenikamata, umeniachia huyu mtoto ananitawala." Imelda akamwambia apunguze maneno, marehemu alikuwa hapendi hotuba. Nyumbani mzee akafagia kila chumba kuanzia ndani kwenda nje, akatoa takataka zote, akatangaza kwamba msiba umetoka, na mwenye kulia tena akalie Dalarna, huko mbali kaskazini. Tuligawa nguo. Shemeji alisali nasi kwenye simu, ulimsikia mwenyewe, ingawa picha ilikuwa inakatika.

Baada ya chakula watu walibaki wanapiga soga. Mzee Kikoti alikuwa kwenye sinki, Imelda anafuta vyombo, na nilikuwa nawasikia.

"Sufuria hii hujaifuta."

"Nimeifuta. Ni macho yako."

"Baba yako angeifuta mara mbili."

"Baba yangu angekufuta na wewe."

Nilikaa kwenye kochi nivue viatu tu. Mchana kweupe, nyumba imejaa watu, jua limeingia mpaka kwenye zulia. Nilikusudia kuinuka nikawaaga wageni. Dada, nililala. Tangu afariki nilikuwa nikilala kama mtu anayengoja kuitwa. Siku hiyo hakuna aliyeniita. Nilipoamka nilikuta nimefunikwa shuka, wageni wameondoka, na wale wawili bado wanabishana jikoni, chini chini, ili wasiniamshe.

Basi nisikuchoshe. Nisalimie Mama, mwambie dawa za chupa ya kahawia ni za asubuhi. Nisalimie shemeji mkubwa, mwambie nimeandika yote kama alivyotaka, na pale niliponyamaza mimi asiparuke anaposoma. Nisalimie wifi yangu mdogo na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona. Nisalimie kaka yetu wa Mbinga, na mwalimu wa kwaya aliyewafundisha Baba Imelda na wenzake nota. Imelda anasema shikamoo zake zote uzigawe, na Mzee Kikoti ameniagiza nikuandikie salamu ambazo siwezi kuziandika kwenye barua itakayobebwa na sista.

Na wewe dada, ukipita kwenye kaburi la Bibi, kaa naye kidogo. Mwambie kitukuu wake amemtaja jina mbele ya watu.

Mdogo wako anayekupenda, ambaye siku hizi analala,

Otilia (Mama Imelda)